Bibi Harusi wa Wiki ya Kumi na Sita

Nilifunikwa leso tatu, moja juu ya nyingine, nikafungwa kamba kiunoni kama gunia la viazi. Kushoto kwangu walisimama wanawake watatu waliofungwa vivyo hivyo, na kulia kwangu mmoja. Sote watano tulikuwa sebuleni kwa mama, Germantown, tukinuka dawa ya nondo, tukingoja mwanaume atuambie ni nani kati yetu aliye mke wake.

Kwa wasiotujua sisi Wakikuyu, siku ya ngurario, ndoa yetu ya kimila, bibi harusi hufichwa kati ya wenzake, asionekane uso wala kidole. Bwana harusi hupita mbele ya mstari na kuchagua. Haruhusiwi kugusa, haruhusiwi kuuliza. Akipata, vigelegele. Akikosa, hutozwa faini ya mbuzi, na hapa Maryland mbuzi huwa ahadi tu. Ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo, kwa sababu hakuna mwanaume mwenye akili timamu anayemkosa mwanamke aliyependana naye miaka mitatu.

"Tulieni," Njuguna aliwaambia wageni. "Huyu wangu namjua hata taa zikizimwa."

Watu wakacheka. Nami nilitabasamu humo ndani ya leso, maana sauti ile niliwahi kuipenda sana. Nikasikia viatu vyake vipya vikija juu ya mbao za sakafu. Havikusita. Havikufika hata katikati ya mstari. Vilisimama kwa mwanamke wa pili, nikasikia vitambaa vikifunuliwa, kisha sebule nzima ikaangua kicheko cha kujipiga mapaja.

Alikuwa amemchagua Shiku, binamu yangu.

Sikulia. Nilifikiri. Shiku ana mwili niliokuwa nao mimi mwezi wa sita, mabega ya mviringo na nyonga zilizojaa. Hata gauni alilovaa siku hiyo lilikuwa langu, nilimpa mwezi wa nane liliponipwaya. Njuguna hakumchagua Shiku. Alimchagua Wambura wa miezi minne iliyopita, na huyo hakuwa pale sebuleni.

Miezi minne yote niliishi kwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati langu: wiki kumi na nane, siku kwa siku, kuanzia mwisho wa Juni hadi Jumapili ya tarehe ishirini na sita Oktoba, siku ya marathoni jijini Washington. Jumanne vilima. Alhamisi mwendo wa kasi. Jumapili masafa marefu, maili kumi, kumi na nne, ishirini. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri, nakimbia, naoga, kisha naenda Rockville kuwanyanyua wazee wa watu vitandani kwa saa kumi na mbili. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemaliza marathoni yangu ya kwanza kwa masaa manne na nusu, na Njuguna akasimama mbele ya jamaa zake akasema mchumba wake ametoka matembezini. Safari hii nilitaka kumaliza chini ya masaa manne. Hakuna aliyenituma. Ndilo lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu nililoliamua bila mtu kuliitia maombi.

Njuguna ni dalali wa nyumba. Picha yake imebandikwa kwenye benchi la kituo cha basi kule Oxon Hill, mikono kifuani, meno thelathini na mawili, na maneno makubwa yakisema kwamba yeye anakujua na anaijua nyumba yako. Nimekimbia mbele ya benchi lile mara nyingi. Picha hiyo ndiyo Njuguna pekee aliyewahi kuniona nikitokwa jasho.

Nisimwonee. Mwaka wa kwanza alikuwa akinisubiri nje ya kazi na chai ya tangawizi kwenye chupa, ameifunga kwa koti lake isipoe. Nilikuwa naingia garini, nalaza kichwa begani kwake, na hatuongei mpaka Gaithersburg. Mwanamke anaweza kuishi na kumbukumbu kama hiyo kwa muda mrefu, akidhani bado anaishi na mtu.

Mjomba Kamande, msemaji wa upande wetu, akatangaza faini na kumpa Njuguna nafasi ya pili. Alisema bwana harusi ana njaa, apewe mukimo kwanza, macho yafunguke. Sisi watano tukapandishwa ngazi tukapumzike chumbani.

Nilipokuwa nafunuliwa uso, mama akaingia na kufunga mlango kwa mgongo.

"Umeona ulichofanya?" aliniambia.

"Nimefanya nini, mama? Nilisimama tu."

"Umejikausha. Mwanaume atamtambua vipi mke aliyebaki mifupa kama mwavuli? Ameona mwili wa mwanamke pale, akaufuata. Nani atamlaumu?"

Shiku akajifanya anatafuta kiatu chini ya kitanda. Mama akaendelea na ile orodha yake ninayoijua kama sala. Ya kwamba miaka ishirini ya uuguzi imemfundisha mwili wa mwanamke ulivyo na mwisho. Ya kwamba watu wa kanisa wameniona kando ya barabara na kaptula. Ya kwamba huko nyumbani watu hukimbia kwa sababu wanalipwa, au kwa sababu wanafukuzwa. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimejifunza kupumua kwa hesabu, hatua tatu ndani, mbili nje, na mbinu hiyo hufaa hata mtu ukiwa umekaa.

"Na kwanza imekwisha," alisema. "Njuguna ameshaongea na mchungaji. Tarehe ishirini na sita ni ibada yenu ya shukrani. Watu wamealikwa."

"Hiyo ni siku ya marathoni."

"Anajua."

Alisema neno hilo moja huku akininyoosha leso begani, kwa mkono mpole kabisa. Nadhani aliona ni habari njema: mwanaume anajua, mwanaume ameamua, binti apumzike. Kisha akashusha sauti, ingawa chumbani hapakuwa na mtu wa kufichwa.

"Sasa sikiliza. Mkishuka, usimame mwisho, upande wa dirisha. Nimeshamwambia Njuguna. Hatuwezi kuaibika mara mbili mbele ya watu waliotoka Delaware."

Akatoka. Nilimtazama Benadetha, rafiki ya mama kutoka Bukoba, mwanamke wa miaka sitini aliyekubali kufungwa maleso kwa ajili ya kupenda sherehe tu. Nikamwomba yeye ndiye asimame upande wa dirisha.

"Mimi, mwanangu? Na goti hili bovu?"

"Wewe, mama."

Akanitazama kwa muda. Ana macho madogo makali, na mumewe alimwacha Bukoba akiwa na watoto watatu.

"Haya," alisema. "Nifungeni vizuri. Kalio lisionekane, litanisaliti."

Tukashuka tena. Nilisimama wa tatu, katikati kabisa, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angeanza kutazama. Nilijiambia jambo ambalo sasa linanichekesha. Nilijiambia kwamba akisimama mbele yangu, japo kwa kitambo cha pumzi moja tu, nitaiacha marathoni. Kweli kabisa. Wiki kumi na sita za jasho ningezitupa kwa ajili ya mwanaume kusimama na kusita. Ndivyo mapenzi yanavyomfanya mtu kuwa rahisi.

Viatu vikaja. Vikapita mbele ya wa kwanza, wa pili, vikanipita mimi kwa mwendo uleule, mwendo wa mtu anayejua ofisi anayokwenda, vikafika dirishani. Vitambaa vikafunuliwa.

"Karibu baba," Benadetha akamwambia. "Lakini ujue nina wajukuu wanne."

Kicheko kilianza, kisha kikafa chenyewe, mtu mmoja mmoja, jinsi watu walivyoanza kuelewa. Mara ya kwanza ni mchezo. Mara ya pili watu hutazamana. Nilijifungua kamba mwenyewe, nikazivua leso moja baada ya nyingine, nikazikunja na kumpa mama, aliyekuwa karibu nami amefunika mdomo.

"Mimi hapa," nilimwambia Njuguna.

Alinikazia macho. Ninaapa kwamba kwa sekunde moja nzima uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Akaniomba tuongee faragha, na faragha pekee iliyokuwepo ilikuwa gereji, kati ya kreti za soda na mashine ya kufulia. Akaufunga mlango. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, nikajua ameumia kweli. Lakini mtu anaweza kuumia kweli na bado akawa hovyo.

"Umenipanga," alisema. "Umeniwekea yule mama makusudi."

"Nimekuwekea mimi makusudi. Nilikuwa katikati."

"Mama yako aliniambia mwisho."

"Najua. Ndiyo maana hukutazama wengine."

"Wambura, mlikuwa mmefunikwa maleso matatu. Malaika mwenyewe angekosea."

"Mara ya kwanza ulisema unanijua hata taa zikizimwa."

Akapiga kreti teke dogo, la heshima, asiharibu kiatu. Akaanza kunieleza aibu yake kwa mpangilio kama mtu anayeuza nyumba yenye paa bovu. Wajomba zake wameendesha gari kutoka Delaware. Mchungaji yuko nje anakula. Watu wamerekodi kwa simu, na kabla ya jioni Nyeri nzima itakuwa imeona. Yote yalikuwa kweli, na katika yote hayo mimi sikuwemo. Nilimngoja aishiwe, kisha nikamuuliza kuhusu tarehe ishirini na sita.

"Nilitaka nikwambie leo, baada ya sherehe."

"Siku zote hizo ulikuwa unajua ni siku gani."

"Ni mbio, Wambura. Mbio za watu wazima wanaolipa wenyewe ili wachoke. Utatoka nambari ngapi? Ya elfu kumi?"

"Ya elfu kumi na moja, labda."

"Sasa?"

"Sasa nitakimbia."

Akacheka kwa pua. Halafu akasema neno la pekee la ukweli alilolisema siku hiyo, na akalisema taratibu, akiitazama sakafu. "Mimi nilikupenda vile ulivyokuwa."

Ningeweza kumwonea huruma hapo. Mwanamke mwema angefanya hivyo. Lakini nilikumbuka viatu vile vikinipita kwa mwendo uleule, bila hatua moja kupungua, na huruma yangu ikakauka kama mate.

"Basi mtu wako yupo sebuleni," nilimwambia. "Amevaa gauni langu la zamani. Na safari ya kwanza ulimpata bila kuonyeshwa."

Uso ukamjaa damu. "Chagua. Jumapili hiyo uko kanisani na mimi, au uko barabarani na wale wendawazimu wenzako."

"Barabarani."

"Usijibu kwa hasira."

"Sina hasira, Njuguna. Hasira ni ya mtu unayemhesabu."

Alingoja nirudishe neno lile. Alinipa muda, nakiri, alisimama pale akinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kunitazama hivyo, kuanzia usoni hadi kwenye miguu, kama anayesoma masharti baada ya kutia sahihi. Kisha akafungua mlango wa nje wa gereji, akapita kati ya magari bila kuwaaga wajomba zake.

Niliingia ndani kwanza, kwa sababu si mimi wa kukimbia mambo kama hayo. Nilimwambia mjomba Kamande kwamba shughuli imekwisha na kwamba wageni wamalize chakula. Akaniuliza kama nimeshauriana na mtu. Nikamjibu kwamba hata Njuguna hakushauriana na mtu alipopanga siku yangu na mchungaji. Mzee akatikisa kichwa, akachukua kipaza sauti, akawaambia watu nyama ingalipo. Shangazi mmoja wa Njuguna akaniita mshenzi. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi amekumbatia zile leso, na nilipopita alivuta miguu yake kunipisha, kama anayempisha mgeni. Hilo ndilo liliniuma. Mengine yote niliyaacha sakafuni.

Nje, kwenye maegesho, nilimkuta Yohance.

Inabidi nimweleze Yohance. Ni mzaliwa wa Oxon Hill, mwalimu wa hesabu, kiongozi wa kikundi chetu cha mbio, na ndiye aliyeniandikia ule mpango wa wiki kumi na nane. Kiswahili alikisomea chuoni, kisha akaishi Morogoro mwaka mmoja, na matokeo yake anaongea sanifu kuliko sisi tuliozaliwa nacho, jambo ambalo sijawahi kumsamehe. Nilikuwa nimealika kikundi kizima. Alikuja peke yake, na shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka likasimama kama kadibodi, akakaa karibu na dirisha na sahani ya mukimo, akimshukuru kila aliyempita.

"Pole sana, Wambura," alisema.

"Usinipe pole. Kama umekuja kunipa pole, rudi ndani ukashukuru watu."

Akatabasamu kidogo, akaacha. Alikuwa ameegemea gari lake na funguo mkononi, na ilionekana alikuwa amezishika muda mrefu bila kuamua.

"Nilijua ni wewe," alisema.

"Wapi?"

"Katika mstari. Mara zote mbili. Tangu mliposhuka ngazi. Wenzako walishuka kwa kunyoosha, yule mama kwa kuchechemea, wewe ulishuka upande upande kama kaa. Juzi Alhamisi ulikimbia kwa kasi kuliko nilivyokuandikia, sivyo? Mapaja yanakuuma."

Yalikuwa yananiuma. Nilikuwa nimekimbia maili sita, kila maili chini ya dakika nane na nusu, na sikumwambia mtu. Lakini sikuwa tayari kumpa mwanaume mwingine yeyote ushindi siku hiyo.

"Ulijua," nilimwambia. "Ukakaa pale dirishani na sahani yako, ukatazama mwanaume akinipita mara mbili kama kiti cha stendi. Ukanyamaza. Kwa sababu wewe ni mgeni mwenye adabu. Kwa sababu umesoma mila zetu kwenye vitabu na hutaki kukosea. Unajua wewe ni nini, Yohance? Wewe ni shati hilo. Umenyooka kila mahali na humo ndani hamna mtu."

Sauti yangu ilipanda. Dirishani pazia likasogea. Yohance aliipokea dharau ile kama anavyopokea kilima, kichwa chini na mabega yametulia, mpaka nikamaliza. Kisha akainua macho, na macho yale niliyoyaona wiki kumi na sita pembeni mwangu, daima yakitazama mbele, daima yakitazama barabara, sasa yalinitazama mimi.

"Ningesema, ningemwonyesha," alisema. "Sikutaka akuone."

Gari likapita. Ndani ya nyumba mtu alikuwa ameanza wimbo, wachache wakaitikia. Yohance alikuwa amekuwa mwekundu masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Kiswahili kilimponyoka.

"Siyo... sikusudii... Najua ni vibaya. Yule alikuwa mchumba wako. Nilikaa pale nikiomba akosee. Nikaomba na mara ya pili. Halafu nikashukuru mukimo."

Nilitafuta neno la kumkejeli. Siku hiyo nilikuwa nayo mengi, nimewagawia watu sebule nzima na gereji na maegesho, na bado ulimi ulikuwa umenolewa. Nilitafuta kwenye shati, kwenye sahani, kwenye sanifu yake ya Morogoro. Sikupata kitu. Nilibaki nimesimama na mapaja yanayouma, nikihisi uso unanichoma, na nilijua ananiona, na sikuwa na leso hata moja.

"Kesho ni maili ngapi?" nilimuuliza.

"Kumi na mbili. Mwendo wa polepole. Wiki hizi za mwisho ni za kupumzisha miguu, siyo za kushindana na..."

"Najua kusoma. Nitakuwa kwenye daraja la Rock Creek saa moja asubuhi."

"Nije?"

"Sijasema uje. Nimesema nitakuwa pale." Nilishika kitasa cha mlango wa nyumba, nikageuka. "Na ukija, usiongee mpaka maili ya sita."